Koplo Aliyekataliwa, Akaondoka

Watu hucheka nikisema nimestaafu, kwa sababu mvi sina na magoti yangu bado hayalii nikipanda kilima cha Ngara mjini. Lakini kiti nilichokikalia kwenye gazeti letu dogo la wilaya mbili, Ngara na Biharamulo, sasa kinakaliwa na Pendo, aliyetoka chuo juzi. Ameniomba nimwandikie jinsi kazi ile inavyofanywa. Nimeona nikianza sitaishia kwenye kazi peke yake, kwa hiyo anivumilie. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwepo. Mshahara sitautaja kwa kuwa ni mada fupi.

Siku ya kwanza nilifika ofisini na shahada ya sosholojia na nia ya kuandika habari za uchunguzi. Ofisi yenyewe ni chumba nyuma ya duka la pembejeo, na ukikaa humo wiki moja nguo zako zote zinanuka dawa ya mibuni. Mhariri hakuangalia cheti changu. Aliniuliza kama kaka zangu wana watoto. Nikasema wanao.

"Basi wewe ni senge," akasema, akanisukumia kikapu kilichojaa bahasha. "Uchunguzi umo humo."

Kwa wasomaji wa Nemba, upande wa Biharamulo, na kwingineko ambao hawakukulia kwa Wahangaza: senge ni shangazi, dada wa baba. Kazi yake si kuleta nguo za sikukuu tu. Ndiye anayemkalisha binti chini kabla ya harusi, ndiye anayeweza kumgombeza kaka yake mbele ya wageni, na ndiye anayesema yale ambayo mama anayaonea aibu na baba heshima inamzuia. Umri hauulizwi. Mimi nilikuwa senge nikiwa shule ya msingi, na nilishaamkiwa shikamoo na kichanga kwa mdomo wa mama yake. Safu yetu ya ushauri iliitwa Muulize Senge, na ilisomwa kuliko habari za halmashauri, jambo ambalo halikuhitaji jitihada kubwa.

Nilimwambia mhariri kwamba sijaolewa, na kwamba hata sina hakika ndoa ni kwa ajili ya nini. Akasema vizuri, sitapendelea upande.

Aliyekikalia kile kiti kabla yangu ni Mama Generoza wa Rulenge, mkunga mstaafu. Macho yalikuwa yamemchoka, herufi ndogo hazioni, kwa hiyo kwa miezi ya mwanzo mimi nilisoma barua kwa sauti na yeye akajibu huku akichambua maharage. Alikuwa na kanuni chache. Jibu lisizidi mistari mitatu, kwa sababu mtu mwenye shida hafiki mstari wa nne. Barua haitoki ofisini. Na usimwulize mtu anajisikiaje. Anajisikia vibaya, ndiyo maana kanunua bahasha. Tafuta nani alikuwepo na nani alisema nini.

Nilimbishia kila kitu. Chuoni tulifundishwa kwamba hisia ndizo data. Mama Generoza akaniuliza data ni nini, nikamweleza kwa muda mrefu, akasema, "Ndiyo hivyo, nani alikuwepo."

Nakumbuka barua ya mama mmoja wa Nemba ambaye mumewe alimpa ng'ombe jina lake yeye mkewe. Aliuliza kama ametukanwa au amesifiwa. Mimi nilikuwa tayari kuandika makala kuhusu mfumo dume. Mama Generoza alitupa punje mbovu chini, akasema nimjibu hivi: "Angalia yule ng'ombe anakamuliwa kiasi gani, ndipo ukasirike." Baada ya muda yule mama akaandika tena kutushukuru, na kutuambia kwamba ng'ombe ndiye anayeongoza zizi zima kwa maziwa.

Vitendea kazi vilikuwa kikapu, mkasi, na kalamu nene nyeusi ya kufutia majina. Barua zililetwa na makondakta wa mabasi ya Biharamulo, au na madereva wa malori waliokaa Rusumo kusubiri forodha mpaka wakawa wenyeji. Pendo ataniuliza kwa nini watu hawatumi ujumbe wa simu. Wanatuma, lakini shida ndogo. Shida kubwa huja kwa karatasi, kwa sababu simu ya mtu mwenye shida kubwa jioni huwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kwenye kikapu hicho ndimo tulimopata barua ya kwanza ya Koplo, askari wa kikosi cha Rusumo. Ilipigwa mstari juu na chini kwa rula.

"YAH: DALILI ZA KUPENDWA. 1. Somo hapo juu lahusika. 2. Mlengwa ni wa kike, mwenyeji wa Rulenge, mwajiriwa katika ofisi ya wakala wa forodha, Rusumo. 3. (a) Hucheka ninapoongea. (b) Sichekeshi. 4. Naomba tafsiri. Nawasilisha."

Nilicheka mpaka muuza pembejeo akagonga ukuta. Mama Generoza hakucheka. Alifikiri kidogo akasema nimwandikie Askari wa Rusumo, kama tulivyoamua kumwita gazetini, aendelee hivyohivyo kutochekesha. Tukachapa. Toleo lililofuata likaleta barua nyingine: "YAH: UTEKELEZAJI. Agizo limetekelezwa. Kicheko kimeongezeka."

Basi tukawa naye. Aliuliza kuhusu maua, kwa kuwa alisikia wanawake hupenda maua na Rusumo hayauzwi. Tukamshauri ampelekee mahindi ya kuchoma yakiwa ya moto. Akaripoti kwamba kutokana na foleni ya malori mahindi yalifika ya uvuguvugu, hata hivyo yalipokelewa na kuliwa yote, mlengwa akiwa ameketi. Aliuliza kama ni sahihi kumshika mkono mtu anayeandika. Aliuliza, kwa aya sita zenye vipengele, nini cha kusema baada ya "umeshindaje".

Mimi nilianza kuogopa. Nilimwambia Mama Generoza kwamba si jambo zuri mtu mzima mwenye bunduki kutii gazeti. Akaacha maharage.

"Wengine wote wanatuandikia ili tukubaliane nao," akasema. "Huyu anatuandikia ili afanye. Mchunge."

Haikupita muda akaona safari za kutoka Rulenge zinamchosha, akaniachia kiti. Nikawa senge peke yangu, na barua iliyonijia kabla sijazoea kiti ilikuwa hii: "YAH: KUINGIA UTAWANI KWA MCHUMBA."

Naifupisha, maana ilikuwa na viambatisho. Barua ya posa ilikwishapelekwa Rulenge, ikakubaliwa, siku ikapangwa. Koplo akaenda na baba yake mdogo kutoka Nemba, ambako ukoo wao ulihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, na Sajenti wake akiwa mshenga, "kwa kuwa ndiye mwenye cheo kikubwa kati ya waliopatikana." Walibeba soda na madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mzee mmoja mwenye kofia akasimama akauliza wanamtaka nani. Sajenti akataja jina. Mzee akasikitika sana, akasema wamechelewa, binti huyo amechukuliwa na masista, amekwishavaa shela, na nyumba hii haina binti mwingine. Koplo akaandika: "4. Ujumbe wetu ulisimama, ukatoa pole kwa familia na pongezi kwa Kanisa, ukaondoka kwa utaratibu. 5. Nimefunga namba ya mlengwa kwa kuheshimu nadhiri zake. 6. Mzazi wangu ametafuta binti mwingine huko Nemba. Wazee wanakwenda Jumamosi ya wiki ijayo, ng'ombe wamekwishatengwa. 7. Swali: mtawa anaweza kuacha utawa bila dhambi? Nisipoona jibu katika toleo la Ijumaa nitatekeleza maelekezo ya mzazi. Nawasilisha."

Niliisoma mara ya pili nikitafuta nani alikuwepo. Alikuwa ameorodhesha wote, mpaka mbuzi. Kwenye kipengele cha 3 (d) nikakuta: "Nyuma ya nyumba kulikuwa na wanawake wengi na masufuria. Harufu ya pilau ilisikika."

Nani anapika pilau la kuwaambia wageni kwamba binti hayupo?

Kila Mhangaza anayesoma hapa ameshaelewa. Siku ya posa, upande wa binti hauwezi kumtoa hivihivi. Msemaji wao anakataa kwanza. Anasema binti ameolewa Burundi, au amezama mtoni, au hamjui kabisa. Upande wa mume nao unatakiwa ujibu, ubishe, umwage rubisi, ucheke, mpaka msemaji achoke kushindwa. Ni mchezo, na kila mtu pale anajua ni mchezo. Ila Rulenge masista wako kweli, unawaona wakienda sokoni, kwa hiyo uongo ule ulikuwa na miguu. Na Wasukuma, watu wa Koplo, nao hubishana sana siku kama hiyo, lakini wanabishania ng'ombe, yule mwenye pembe iliyovunjika ni wa nani. Binti mwenyewe habishaniwi kama yupo.

Mimi desturi ile sikuwahi kuipenda. Kwenye posa ya binamu yangu niliuliza mbele za watu kwa nini wanaume wazima wanadanganyana juu ya kreti za soda, nikaambiwa nikasaidie kuosha vyombo. Ningeweza kumjibu Koplo palepale kwamba ameingizwa mjini, arudi. Lakini nikajiuliza swali ambalo lilinikera zaidi: binti mwenyewe anamtaka? Barua zote zile, vipengele vyote vile, na hakuna mahali palipoandikwa neno alilolisema yeye. Kumrudisha mtu kwenye nyumba ambako kweli hatakiwi, kwa sababu gazeti limesema, kungekuwa kosa baya kuliko kumwacha aende Nemba.

Namba yake ya simu hakuiandika. Kwenda getini kikosini kuulizia koplo anayesumbuliwa na mapenzi kungemwua kwa aibu. Nikapanda basi kwenda Rulenge kwa Mama Generoza. Sikumsomea barua, na yeye hakuomba. Nilimwambia nataka kufika kwenye ile nyumba ambayo pilau halikuliwa. Akachukua fimbo yake. Kumbe Rulenge nzima ilikuwa inaijua nyumba ile, na pilau lililiwa na majirani siku mbili.

Mzee mwenye kofia aliitwa Bukuru, kaka mkubwa wa baba wa binti. Tulimkuta uani anatengeneza mpini wa jembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, na kabla sijaketi akaanza kulalamika mwenyewe. Amesemea posa tangu ujana wake, amekataa wakwe wa kila aina, hajawahi kuona watu wanasimama, wanampa mkono wa pole, wanapanga mstari, wanaondoka. Walimwachia maneno yote mdomoni. Na sasa ukoo mzima unasema yeye ndiye aliyemfukuza mume wa mtoto.

"Lakini mzee, kwa nini mnasema hayupo na yupo?" nikamwuliza.

"Nikimtoa kwa kuulizwa mara moja, atakaa kwa mumewe akijiona kaokotwa njiani."

"Yeye mwenyewe aliulizwa kama anataka kukataliwa kwa niaba yake?"

Sauti ikatoka jikoni. "Utawa niliuchagua mimi."

Ndipo nikamwona Leokadia. Alitoka na mikono yenye unga, akakaa kwenye kinu kilicholala. Alisema kwenye posa ya dada yake, baba mkubwa alitangaza kwamba bibi harusi amezama Kagera, mama yao akalia kweli, shughuli ikachelewa. Kwa hiyo safari hii akamwomba aseme ni mtawa. Koplo alikuwa akimtania kwamba anasali kama sista, naye Leokadia akadhani atacheka.

"Badala yake kanifungia namba," akasema. "Kama alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, angesema. Nisingemng'ang'ania."

Barua haitoki ofisini. Nilikaa na ile kanuni mdomoni kama mfupa wa samaki. Mwishowe nikauliza tu, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, itakuwaje kama wale wageni waliamini.

Mzee Bukuru akasema hakuna mtu wa kuamini vile, pilau lilikuwa linanukia mpaka barabarani. Lakini Leokadia akaanza kutikisika mabega, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso, ikawa ni vyote viwili.

"Huyo ataamini," akasema. "Nilimwambia siku moja foleni ya malori imefika Kigali, akaniuliza nani amepima."

Nikamwuliza kama anamtaka, kwa maneno hayohayo, bila sosholojia. Akafuta unga mikononi kwanza.

"Namtaka. Ila asiitwe. Nikimwita mimi, kila tukigombana nitakuwa yule aliyemwita mume. Arudi mwenyewe."

Mzee Bukuru naye akasema ukoo hauwezi kuwaita, itakuwa wamempeleka binti sokoni. Mwenye ruhusa ya kufungua mdomo ni senge, na senge wa Leokadia yuko Biharamulo amenuna tangu Krismasi kwa sababu ya mgao wa nyama.

"Senge si huyu hapa," akasema Mama Generoza, akininyooshea fimbo. "Tena huyu ameajiriwa."

Nilirudi Ngara nikaandika jibu la kurasa mbili, lenye historia ya posa katika nchi za maziwa makuu. Nikalisoma. Nikachukua mkasi. Kilichochapwa ni hiki:

"Askari wa Rusumo: huko mgeni hukataliwa kwanza, ndiyo heshima yake. Ukiambiwa ni mtawa, sema mna barua kwa mama mkuu. Ukiambiwa amezama, sema mmekuja na kamba. Rudi na watu walewale, na safari hii msiondoke."

Ijumaa ile gazeti lilifika Rusumo mchana. Jioni hakuna neno. Nilijifunza siku hiyo kwamba kuandika ushauri ni rahisi, kinachochosha ni kutojua kama umesomwa au umefungiwa maandazi. Nilijiona mjinga. Mtu mwenye shahada, anayehoji mpaka sala ya chakula, nimekaa naomba mtu fulani anunue gazeti kabla ya Jumamosi.

Jumamosi asubuhi simu ya ofisi ikalia. Sauti nzito ikauliza nani ni Senge. Nikasema mimi.

"Hapa ni Sajenti, mshenga. Agizo limepokelewa. Tunaomba orodha kamili ya visingizio."

Nikamtajia. Mtawa, kuzama, kuolewa Burundi, kwenda kusoma, kuugua ndui. Alirudia kila kimoja polepole, nikasikia kalamu. Nikamtajia na cha mwisho, kwamba binti hajazaliwa.

"Hajazaliwa?"

"Hicho ni cha wakwe wakaidi, afande."

"Tutajiandaa nacho."

Nikamwuliza kuhusu wazee wa Nemba. Akasema baba mdogo ndiye aliyesomewa gazeti kwanza, akasema, "Kumbe lile pilau lilikuwa letu." Akampigia kaka yake palepale, wazee wakarudishwa wakiwa wameshavaa viatu. Ng'ombe waliotengwa wakabaki wametengwa. Baba akasema ng'ombe hawajali wanaingia mlango gani.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilialikwa Rulenge, nikaketi upande wa binti kando ya Mama Generoza. Wageni waliingia kwa mstari. Koplo nilimwona kwa mara ya kwanza: mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate, jasho linamtoka kabla hajafanyiwa lolote. Dirishani pazia lilikuwa likicheza, na hakukuwa na upepo. Sajenti alisimama katikati, akasalimia, kofia mkononi, na ndani ya kofia niliona karatasi iliyoandikwa pande zote mbili.

Tatizo ni kwamba Mzee Bukuru naye alikuwa amejifunza. Wiki nzima ukoo ulimwonya. Alikuwa hataki kusikia tena kwamba amefukuza mtu. Akawauliza wanamtaka nani, Sajenti akataja jina, na mzee akasema haraka, kama mtu anayevuka barabara, "Yupo. Karibuni sana. Aitwe?"

Sajenti akaangalia ndani ya kofia. Akaigeuza karatasi upande wa pili. Akamwangalia Koplo, na Koplo alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Safari iliyopita alikataliwa kwa pilau, na safari hii anakubaliwa bila neno, na aliyemwambia kwamba kukataliwa ndiyo heshima ni mimi. Nikamwona anahesabu kichwani hii ina maana gani. Nikaona mguu wake wa kulia umeshageuka kuelekea njiani. Pazia nalo likasimama.

Sikuwa na la kufanya. Senge ana ruhusa ya kusema mengi, lakini sikujua lipi.

Sajenti akafunga kofia kifuani.

"Mzee, shikamoo tena," akasema. "Kwa heshima zote. Vijana wamejiandaa. Tunaomba mtukatalie."

Mzee Bukuru akamtazama muda mrefu. Kisha akatutazama sisi, akamtazama mdogo wake, na nikaona uso wake unafunguka taratibu kama wa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Mnamtaka nani, mlisema?"

"Leokadia, mzee."

"Hatumjui."

Koplo akashusha pumzi, akaurudisha mguu wake mahali pake. Mzee akavuta kiti, akajikalisha vizuri, akawakatalia mpaka jua likashukia upande wa Burundi, na hakuna aliyeinuka.